Jina la Kazi

Bibi alitukataza kumtaja nyoka usiku.
"Semeni kamba," alisema. "Kamba imepita uani."
Kwa hiyo pale Ndanda, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja,
kwenye benchi la wakatekumeni, kati ya watoto wa darasa la tano,
nilipomwona katekista Damiani Nantanga akiyaandika ubaoni,
mchana kweupe, majina yote ya yule,
nilitazama kwanza mlango.

Lusiferi. Kilatini: mbeba nuru.
Lilikuwa la nyota kabla halijawa la mtu.
Isaya alimsimanga kwa nyota hiyo mfalme wa Babeli,
wafasiri wakaipa jina lao,
na waliokuja nyuma wakamvika mwingine,
likamkaa kama alishonewa.
Nyota gani? mtoto mmoja akauliza.
Hii ya alfajiri. Zuhura.
Darasa likacheka hadi chaki ikaanguka:
Zuhura ndiye anayetuuzia vitumbua getini.

Beelzebuli. Majirani walikuwa na mungu wao,
bwana wa makao ya juu;
watani wakapindua herufi moja, akashuka,
akawa bwana wa mainzi.
Hilo nililielewa bila chaki.
Nani huku kwetu asiyejua utani unavyomshusha mtu,
na nani hajawaona mainzi wa Novemba
juu ya mabibo yaliyosahauliwa chini ya mkorosho,
wanavyovuma kana kwamba wana mfalme?

Ibilisi limetoka mbali, limechakaa njiani:
kwa Wagiriki, wasomi husema, kisha kwa Waarabu,
kisha pwani, kisha sisi.
Maana yake, arushaye kitu katikati.
Katikati ya nini? nikauliza, mara yangu ya kwanza.
Ya watu wawili, alijibu. Neno, mara nyingi.
Akafuta ubao kwa kiganja.

Na Shetani?
Hilo, akasema, mwanzoni halikuwa jina. Lilikuwa kazi.
Mshitaki.
Kwa Ayubu anaingia barazani pamoja na wenzake,
hana pembe, hana mkia,
anaulizwa atokako, anajibu kwa adabu.
Amekuja na hoja juu ya mtu asiyekuwepo.

Mtu asiyekuwepo.

Nilikuwa karani wa mizani, ghala la Chikundi,
msimu ule wa bei nzuri.
Magunia matatu hayakuonekana.
Mizani yangu, kalamu yangu, daftari langu;
mwenyekiti aliponitazama, nilimtazama mfagiaji.
Sikunyoosha hata kidole.
"Skolastika ndiye hubaki mwisho," nilisema.
Ilikuwa kweli. Ndio ubaya wake, ilikuwa kweli:
hubaki mwisho anayefagia.

Siku ya tisa magunia yalikutwa Mtwara mjini,
yamepakiwa na shehena nyingine, kwa mwandiko wangu.
Skolastika Mchopa alishahamia Nangomba kwa dada yake.
Ufagio wake ulibaki nyuma ya mlango wa ghala.
Niliutumia mwaka mzima.

Usiku wa Pasaka tukashika mishumaa.
Je, mwamkataa Shetani?
Watoto walijibu kama wanafukuza mbuzi shambani:
Namkataa!
Na mambo yake yote? Na fahari zake zote?
Mimi nilikuwa bado kwenye swali la kwanza,
nta ikinidondokea kidole gumba,
nikitaka kumuuliza padre, yupi,
yule wa moto na uma,
au huyu mwenye kalamu nyuma ya sikio?
Majina yote ya ubaoni ningeweza kuyatamka.
La mfagiaji lilinikwama.

Damiani akanigusa kiwiko.
Namkataa, nikasema, nimechelewa, peke yangu,
na kanisa zima likageuka kunitazama.

Jumatatu nilimuuliza Zuhura, huku nanunua vitumbua,
basi la Nangomba huondoka saa ngapi.
Kabla hakujakucha, alisema, nyota ikiwa bado juu.
Chenji yangu hakunirudishia.