Viboksi Viwili

Alikuja Jumatatu, baada ya Isha,
kanzu ina mkunjo wa pasi mpaka kiwikoni.
Akatoa fomu, akauliza mashine ya kucha iko wapi.
Nikamwonyesha: pale, kati ya mpira wa meza na choo,
inapiga muziki wa harusi tangu saa nne asubuhi
na hakuna anayeoa.

Jina lake Yaarub. Akasema kwa upole:
"Sheria ina swali moja tu.
Mtu akishinda hapa, ameshinda kwa ustadi au kwa bahati?
Ustadi ni mchezo. Bahati ni kamari,
na kamari hapa Maabela haina leseni."

Chini ya swali, viboksi viwili,
vyeupe kama meno ya mtoto.

Ukweli uko nyuma ya mashine.
Ni kiskurubu alichokikaza Shaji, fundi wa Kerala,
mwezi wa Rajabu:
kucha hubana barabara mara moja katika kumi na tano.
Mara kumi na nne hugusa tu,
kama mgeni aliyeshiba anavyogusa sahani ya mwenyeji.
Ufunguo umo mfukoni mwangu.
Mshahara wangu umo mfukoni mwa tajiri.

Bibi Zuwena, aliyekuja kunisubiri,
akadakia kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Mwanangu, kwetu husemwa bahati ni chudi.
Tia alama kote kuwili ukalale."
Yaarub akacheka. Kumbe mama yake wa Chake.
Akajibu kwa Kiswahili cha jikoni, kimepungua chumvi:
"Bibi, fomu haina kiboksi cha methali."

Akanunua tokeni sita kwa pesa yake. Akadai risiti.

Ya kwanza alicheza kama mkaguzi.
Ya tatu alikunja mkono wa kanzu.
Ya tano alikuwa ameinama, pua kwenye kioo,
akimbembeleza sungura wa kitambaa kwa jina la mwanawe.

Mimi nilikuwa nahesabu.
Kabla yake, Mundhir, mtoto wa duka la mapazia,
alikwishapoteza tisa.
Tisa na sita.

Kucha ikashuka, ikabana, ikapanda na sungura.

"Mmeona? Nilichelewesha kidole!"
Akatia alama: ustadi.
Mhuri ukalia kwenye kaunta.

Sungura hakumchukua; mkaguzi hapokei zawadi.
Akamfunga kikaratasi shingoni, kielelezo namba moja,
akaniambia nimweke rafuni, asiguswe na mtu.
Kisha akamshika Mundhir bega, akamfundisha:
"Usiwe na pupa. Subiri, halafu bonyeza."

Tangu siku ile mtoto anasubiri, halafu anabonyeza.
Jana alinijia na kiganja kitupu:
"Dada, nakosea wapi?"

Nikapapasa ufunguo.
Bibi alinitazama.
Hakuwa na methali.