Mia Toa Saba

Tabibu wa Kitangari alimwinamia bibi:
"Nakupa maneno matatu, mama, uyashike.
Ndoo. Kipepeo. Sindano.
Nitakuuliza tena.
Sasa, mia toa saba. Endelea kutoa."

Bi Somoe Nalinga, mwaka wake wa sabini na nane,
anayetia chumvi mara mbili kwenye ming'oko,
anayeniita kwa jina la kaka yangu tangu Ramadhani,
akakohoa, akaweka sawa mtandio.
Tisini na tatu.
Themanini na sita.
Sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano,
"Polepole, mama."
"Polepole ya nini? Hii si hesabu ya makarani?
Unapeleka ghalani kilo mia za korosho:
saba za unyaukaji, saba za gunia,
saba za ushuru, saba hawakuambii za nini.
Miaka arobaini nakatwa,
nisijue kutoa?"

Tabibu akacheka hadi kalamu ikamdondoka.
Akauliza yale maneno.
Ndoo, akasema bibi. Kipepeo.
Kisha akatazama dirisha muda mrefu.

Mimi nilitazama sakafu.
Maana kila alfajiri, kabla hajanawa uso,
nilimsikia shambani akiongea peke yake,
nikasema ndiyo imeanza,
nikanunua kufuli la mlango.

Kesho yake nikamfuata.
Upepo wa Newala unapenya shati, yeye anapapasa magome:
huu wa Nandonde, mwaka tuliochota maji bondeni
tukarudi usiku.
Huu wa Chitanda, kafa na deni la kangomba.
Huu ulishikwa na ubwiriunga, nikaupiga salfa,
ukazaa kama umetukanwa.
"Nikivuka mmoja bila jina, narudi mwanzo.
Juzi nimerudi mara tatu. Jana nne."
"Na ukirudi mpaka jua likachomoza?"
"Litanikuta natembea.
Haya, taja wewe."

Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta simu.
Hata namba ya mke wangu siijui kwa kichwa.
Nandonde. Chitanda. Wa salfa.
Kwenye wa kumi na moja, mwembamba, umeegemea kusini,
nikanyamaza.
Akanisubiri, akanisubiri.
"Huo ni wewe," akasema. "Rudi mwanzo."

Usiku wa manane, nyuma ya ukuta,
sauti yake, kali, ya mtu aliyekamata mwizi:
"Sindano!"

Nikaamka, nikaenda kufungua kufuli.