Mahali Wino Haukufika

Ubao ni mpodo, ulikuwa mlango wa ghala
kule Katumba, kabla hawajalibomoa.
Bado una tundu la kitasa.
Nauchonga nikiwa nimekalia gunia la pumba.
Kinachobaki kitashika wino;
kinachong'oka, hivi vibanzi kama kucha,
ndicho kitakachokuwa mwanga.

Nina kitabu kimoja, kimevimba kwa unyevu wa Tukuyu:
chapa za Wazungu, miaka ile vita vilipokwisha.
Hamna uso. Hamna nyumba.
Weusi tu, mzito kama sufuria ya msibani,
halafu ufa mweupe, mwembamba,
mtu kasahau kurudishia mlango.
Mwanzoni nilidhani ukurasa uliharibikia mtamboni.

Babu Asegelile alirudi kutoka Bama
na koti la jeshi na kijiko.
Ukimuuliza vita vilikuwaje
alisogeza kiti chake upande,
ukaona Rungwe nzima mlangoni,
ukungu ukiteremkia migombani.
Sisi watoto tulisema: hana la kusimulia.

Napaka wino. Nalaza karatasi.
Nasugua kwa mgongo wa kijiko kilekile,
taratibu, hadi kiganja kipate moto.
Naibandua kwa pembe mbili.
Tundu la kitasa limetoka jeupe kabisa,
kubwa kuliko nilivyolijua.

Mama anainama. "Na hapa katikati,
mbona hujaweka kitu?"

Nasogeza kiti.