Daftari la Mama Pasi

Kongwa ina upepo kuliko mvua,
na upepo huo, bibi yangu Mbeleje alisema,
ndio uliomtajirisha Mama Pasi:
vumbi jekundu asubuhi, shati chafu adhuhuri,
shilingi jioni.

Kwao aliitwa Elspeth Geddes.
Ulimi wetu ulijaribu, ukajikwaa, ukaacha.
Alifika na shehena ya matrekta, mjane wa Uskochi,
sanduku moja, pasi sita za mkaa,
na kopo la shayiri ambayo haikuota.

Wenzake walikuja kulima karanga
kwa mashine zilizowahi kuwa vifaru vya vita.
Udongo ukawavunjia majembe.
Yeye hakulima; aliwafulia wanaolima.
Karanga ni bahati, alisema, uchafu ni hakika.
Maji alinunua kwa debe, akahesabu hadi povu.

Daftari lake ninalo mimi. Panya wamekula Machi yote.
*Bwana wa ghala: mashati tisa, hajalipa.*
*Dereva wa trekta la kumi na nne: suruali mbili,
hajalipa, amerudi kwao.*
*Mbeleje: sabuni nusu mche. Amekatwa.*
Wino uleule. Mkono haukutetemeka.

Wazee wanasema alikuwa mwema. Mimi sijui.
Bibi alikuwa na kovu la pasi kwenye kiganja,
lilifanana na jani la mlenda.
Mama Pasi alimpaka siagi yake mwenyewe ya kopo,
akamfunga kitambaa cha mteja,
kisha akamkata nusu siku.

Mradi ukafa. Matrekta yakauzwa kama vyuma chakavu,
wateja wakapanda treni na nguo safi
na madeni yao yamenyooshwa vizuri.
Yeye akabaki, akifua mashuka ya hoteli ya Dodoma,
yakija kwa lori kila Jumanne.

Desemba moja wingu likapasuka bila kubisha hodi.
Mashuka arobaini kambani.
Bibi akakimbia kuyaanua; akamkuta kasimama katikati,
viatu mkononi, uso juu, mdomo wazi
kama kifaranga,
yeye aliyetoka nchi inayoilaani mvua.
*Leka*, akasema kwa Kigogo chake kibovu.
*Leka*. Acha zilowe.

Nimeutafuta ukurasa wa siku hiyo.
*Mvua. Hakuna kazi. Mbeleje: siku nzima.*
Sijui kama ni malipo au alisahau kukata.
Mstari unaofuata ni bei ya mkaa.