Deni la Samaki

Elfu kumi na tano kuingia.
Kwa pesa hiyo, enzi zile, mama angelewesha nusu ya platuni
na chenji ikabaki ya chumvi.

Jumba liko kilimani, upande wa Nyendo,
vioo vitupu, na ndani baridi ya mashine.
Mlangoni mlinzi anapapasa mkoba wangu
asije mtu akaingia na chupa.
Nyumba ya pombe, na pombe marufuku!
Nimecheka peke yangu.

Mwongozaji ni Ssebugwawo, kijana wa viatu vyeupe.
Anabonyeza kitufe, ukuta unatoa harufu:
ndizi za mbidde, siku ya nne shimoni,
zimeiva kwa moshi na majani yake.
Wageni wanafumba macho, wanavuta pumzi.
Harufu ndiyo ile,
ila imeoga.

Mtumbwi wa kukanyagia umelazwa chini ya taa
kama mgonjwa wa upasuaji.
"Msiguse," anasema, "mti huu una miaka sitini."
Namkumbuka Bbosa, mkanyagaji wetu,
aliyeiosha miguu kuliko uso,
akishika kamba kwa mikono miwili,
nyasi zikimkwaruza nyayo, povu likipanda vifundoni,
akimtukana shemeji yake kwa mdundo
mpaka juisi itoke.
Hapa kuna kioo cha kugusa:
unakanyaga kwa kidole.

Vibuyu, kumi na viwili, vimepangwa kwa urefu.
Mirija ya Teso imening'inia kwenye nyuzi.
Mtama uliokaangwa uko kwenye bakuli la kioo,
punje zake zimehesabiwa, nadhani.
Kila kitu kina kibandiko, na kila kibandiko
kinasema *mtengenezaji hajulikani.*

Natafuta ukuta.

Maana sisi tuliuzia kambini, nyuma ya jiko la maofisa,
na Kiswahili changu chote kilitoka hapo,
kwa wanaume waliokuja jioni wamelegeza mikanda:
*Mama, leta mbili. Mama, mwisho wa mwezi.*
Mama hakujua kusoma.
Alichukua mkaa, akamchora kila mtu ukutani:
Sajini Candia alikuwa redio,
mpishi Mugoya sufuria isiyo na mfuniko,
na Koplo Onencan, mtu wa Pakwach,
samaki mwenye jicho moja.
Kando ya kila picha, vijiti. Kijiti kimoja, kibuyu kimoja.
Ukilipa, mama analowesha kidole gumba kwa mate
na kijiti kinakufa.

Usiku mmoja malori yalikuja, yakawabeba kwenda kaskazini.
Asubuhi ukuta ulikuwa umejaa.
Redio ilirudi, ikalipa kwa noti zilizokunjwa soksini.
Sufuria ilirudi, ikaomba muda.
Samaki alibaki na vijiti vyake vinne,
na mama hakukubali mtu aegemee pale.
Mwaka wa tatu wakaja watu wa chokaa.
Mama alisimama na ndoo yake tupu,
akaangalia brashi ikipanda, ikishuka,
kisha akaniuliza kama chumvi ipo.

Ssebugwawo anatupeleka kuonja.
Glasi ya mguu mrefu, mvinyo wa kujaa kijiko.
Ananifundisha kuuzungusha, kuutazama kwenye mwanga.
"Unapata nini, mama?"
Wenzangu wamepata moshi, asali, majani makavu.
Mimi ulimi wangu umepata mwisho wa mwezi,
lakini nasema, "Ni mtamu, mwanangu,"
kwa sababu ni mtamu kweli.

Karibu na mlango wa kutokea kuna daftari la wageni.
Jina. Nchi. Maoni.
Juu yangu Mjerumani ameandika mistari sita.
Nimeomba kalamu. Wino, si mkaa, basi tu.
Penye jina nimechora samaki,
jicho moja, mkia umepinda kidogo, mkono wangu si wa mama.
Penye nchi sikuandika kitu.
Penye maoni, vijiti vinne,
nikaangalia kidole gumba changu,
nikakiingiza mfukoni kikiwa kikavu.