Dole Gumba

Kila Januari tunawahakiki wazee wa jeshi, kama wangali hai.
Ofisi yetu imeegemea mwamba, juu ya Makoroboi;
dirisha moja linaona ziwa, la pili linaona jiwe,
na mimi, Kabula, nimepewa la jiwe.

Mezani kwangu kuna namba.
Siitaji, ni ya serikali.
Lakini nimeiona ikikua kama mtoto wa jirani:
ukigeuka kidogo, suruali imekuwa fupi.
Mwaka juzi ilienea ndani ya safu yake,
mwaka huu nimeivuta safu kwa kipanya
ili sifuri ya mwisho ipate pa kukaa.

Mhasibu wetu, Bwana Rutashobya, aliitazama, akaguna:
"Hawa watu hawafi."
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
maana baba yake naye yumo,
ukurasa wa arobaini.

Sajini Nyamhanga amefika kabla ya mlango kufunguliwa,
koti la sufi kwenye joto hili,
medali kaifunga katika leso pamoja na nauli.
Kaja kwa miguu kutoka Igoma;
nauli ni ya kurudi.

Nikamwambia, weka dole gumba hapa kwenye kioo.
Mashine ikawaka nyekundu.
Akalipangusa kotini, akaweka tena.
Nyekundu.
Miaka ishirini na miwili ya jeshi,
kisha thelathini ya kupara samaki pale Mwaloni:
dole limelika, halina mistari.

"Binti," akasema, "mto Kagera niliuvuka
maji yakiwa hapa," akagusa kidevu,
"na hakuna aliyeniuliza kama niko hai."

Nikamweleza kama tulivyoelekezwa kuwaeleza:
mzee, mzigo wa pensheni unapanda.

"Unapanda? Unapandia wapi?
Maana kwangu haujapita.
Zamani ilinunua gunia la mahindi
na mke wangu akabaki na ya kitenge.
Sasa nanunua dagaa kwa kopo,
na muuzaji analipangusa juu kwa kiganja
lisije likazidi."

Nikaitazama namba yangu upya.
Ni ileile, nasema ni ileile,
inayopanda ngazi za Hazina ikihema kwa unene,
na ikishuka kufika Kirumba
imebaki mifupa.
Njiani inaliwa na nani?
Bei haina jina, haiji kuhakikiwa.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.
"Mjukuu wangu anakaa sakafuni darasani.
Mkiniongezea mimi, mnampunguzia yeye.
Mkimpa yeye..."
Hakumaliza. Akalitazama dole lake
kama mtu anayemtazama shahidi aliyemkana.
Nami sikuwa na jibu.
Jibu halikutengewa fungu.

Tukajaribu vidole vyote, kimoja kimoja,
foleni ikikohoa nje.
Cha mwisho cha kushoto, kile kidogo,
kisichojua kufyatua wala kupara,
mashine ikawaka kijani.

Nikaandika: HAI.
Akaifungua leso, akahesabu nauli, akaifunga.
Kule juu namba ikasogea,
nikaivuta safu tena.

Anayefuata ni mama mmoja.
Ameshika bereti kwa mikono miwili,
kama mtu aliyebeba maji.