Kiatu cha Kumi na Sita

Alifika Moshi ndani ya kiatu.
Si mzima: vipande, amekunjwakunjwa,
kichwa kwenye pua ya raba ya mguu wa kulia,
miguu yake ndani ya buti la mwanamke wa ng'ambo.
Mama alifungua belo pale Memorial, Jumanne,
akavuta karatasi zilizojazwa viatuni visipoteze umbo,
akazitupa.
Anaeli akaziokota.

Tulizinyoosha kwa pasi ya mkaa,
kitambaa kibichi juu yake, ili asiungue.
Moto ulipozidi, wino wa buluu uliganda kitambaani
na shujaa akabaki na shavu moja.
Jina lake la Kiingereza lilitushinda.
Tukamwita Kishindo.
Chupi alivaa juu ya suruali;
shangazi Ndeshi alipomwona akasema, huyu
kavaa gizani, kumbe na kwao umeme hukatika.

Viatu kumi na vitano, karatasi kumi na tano.
Ukurasa wa thelathini: Kishindo chini ya daraja,
mikono yote miwili juu, magoti yamepinda,
basi limejaa, mbwa dirishani,
na waya mmoja wa chuma unaanza kukatika.
Kisha basi.
Kiatu cha kumi na sita kilikuwa kimeuzwa asubuhi,
cha kahawia, cha kamba, kwa mtu ambaye mama
alikumbuka bei yake tu, si sura.

Mwezi mzima Anaeli aliutazama mji kuanzia chini.
Majengo, stendi, mlango wa kanisa watu wakitoka ibadani.
"Shikamoo. Samahani, kiatu hicho hakikubani mbele?"
Karani mmoja wa posta alikivua kweli.
Ndani mlikuwa na soksi, na habari zake.

Ndipo akamalizia mwenyewe, kwa penseli,
nyuma ya risiti ya kahawa ya babu,
kwa vina, maana wiki ile mwalimu Mkenda
alikuwa ametuchapa kwa sababu ya vina:

*Daraja nimelibeba, mikono yangu mizito,
mzee, mama na baba, wamevuka wote mto,
pua yawasha, si haba, nakuomba we mtoto,
panda bega, taratibu, unikune pua hii.*

Sasa Kishindo ana nyama.
Wamempa mtu halisi, mwenye vinyweleo, anayehema,
vipindi kumi, kila Ijumaa kimoja,
na suti nyeusi ya ngozi mahali pa ile chupi
(hilo nimewasamehe polepole).
Natazama na binti yangu Aikande, sebuleni Pasua;
ananieleza nani ni nani
kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa juzi.
Yule mtu alipokunja magoti chini ya daraja lilelile
nilisikia harufu ya kitambaa kibichi na mkaa.
"Baba, mbona umesimama?"

Anaeli hataki kuona.
Ni fundi viatu, meza yake iko jirani na stendi.
Kila kiatu kinachokuja, kabla ya gundi, kabla ya sindano,
huingiza vidole viwili hadi mwisho kabisa.
Anasema anapima unyevu.

Nilimfuata Jumamosi, kipindi cha kumi nimeshakiona.
"Usiniambie," akasema, uzi mdomoni.
Sikumwambia.
Sikumwambia kwamba waya ulikatika, kwamba helikopta
zilikuja, muziki ukapanda, watu wakapiga makofi,
mvua ya kutengenezwa ikammwagikia usoni,
na yule mtu akakaza taya hadi kioo kikawa cheusi.
Watu wote wale. Basi zima.
Hakuna hata mmoja aliyemkuna pua.